Siku Mama Alipokataa Kwenda Koboko

Udongo wa kichuguu ukipakwa juu ya chuma cha moto hutoa harufu isiyofanana na nyingine yoyote. Ina kidogo ya mvua ya kwanza na kidogo ya tanuri la matofali, na katikati yake kuna moshi na kutu. Nimeisikia mara mbili tu maishani mwangu. Mara ya kwanza nilikuwa mtoto wa darasa la sita. Mara ya pili ni juzi, nikiwa nimeshika sufuria ya chai kwa mikono miwili, na ilinibidi niiweke chini kabla sijajimwagia.

Nianze na mama. Mama alitoka upande wa Kongo, karibu na Aru, na baba alikuwa mtu wa Koboko, upande wa Uganda. Nyumbani tulisema Kiswahili, kwa sababu lugha ya baba mama hakuiweza na ya mama baba aliifanyia mzaha. Baba alitangulia kufa. Tukabaki wanne katika chumba kimoja Oli, pembeni ya Arua: mama, mimi, Bahati aliyekuwa na miaka sita, na Neema aliyekuwa bado ananyonya. Mama aliuza samaki wakavu sokoni mpaka kifua kilipomshika. Kikohozi chake kilikuwa kikavu na kifupi, ta-ta-ta, kama mtu anayegonga sahani kwa kijiko. Akipanda kilima kutoka mtoni kilizidi. Akifika juu akipumzika kilipungua. Nilikijua kikohozi kile kiasi kwamba niliweza kukaa ndani nikasema sasa amefika kwenye mfereji, sasa amefika kwa jirani, sasa yuko mlangoni.

Asubuhi ya mwisho alikuwa amelala kwenye mkeka, uso umegeukia ukuta. Ilikuwa siku ya mtihani wa kufunga muhula. Nilikuwa wa kwanza darasani mihula miwili mfululizo na nilitaka wa tatu. Niliwasha moto, nikapika uji, nikampakulia Bahati, nikamfunga Neema kitambaa kipya. Nilipokuwa mlangoni mama akasema, polepole sana, "Leo usiende. Baki na mimi."

Nilimsikia. Tangu siku ile sijawahi kujidanganya kwamba sikumsikia. Lakini alisema polepole, na mtu akisema polepole unaweza kufanya kama hukusikia. Nilitoka nikafunga mlango. Saa sita jirani alikuja kunitoa darasani, nikiwa nimebakiza maswali mawili.

Kwa desturi yetu mke huzikwa alipozikwa mumewe, kwa hiyo mama alipaswa kupelekwa Koboko, kijiji cha baba. Baba mdogo, yaani mdogo wake baba, alikuja na pikapu ya zamani aliyokuwa akibebea mihogo na makaa. Rangi yake ilikuwa imekwisha, na sakafuni kwenye kiti cha mbele palikuwa na tundu lililoliwa na kutu, likafunikwa kipande cha zulia. Jeneza liliwekwa nyuma, na waombolezaji wakakaa pembeni mwake, migongo kwenye mbao, wakiimba. Sisi watoto tuliwekwa mbele. Shangazi, dada mkubwa wa baba, alimpakata Neema, mimi nilimpakata Bahati, na baba mdogo aliendesha. Barabara ya Koboko haikuwa na lami miaka ile. Vumbi lilikuwa jekundu na jingi, na shangazi akaagiza madirisha yafungwe ili watoto wasiugue kifua kama mama yao.

Tulipoacha mji tu nilisikia kikohozi.

Kilitoka chini, karibu na miguu yangu. Ta-ta-ta, ta-ta-ta. Tulipopanda kilizidi. Tulipofika tambarare kilipungua. Nilimtazama shangazi nione kama naye anasikia, nikaona amekaza midomo. Nyuma, mzee mmoja wa ukoo ambaye ni mtani wetu, na mtani huruhusiwa kusema lolote msibani, aligonga kioo akapaza sauti, "Wewe dereva, enda polepole. Hata mutu ya kufa naogopa mwendo yako." Watu wakacheka kidogo, wakarudi kwenye nyimbo. Mimi sikucheka. Niliinamisha kichwa kuelekea zulia, kule sauti ilikokuwa ikitoka, na kadiri nilivyoinama ndivyo nilivyohisi joto likinipiga usoni, kama pumzi ya mtu mwenye homa.

Tulipopita kijiji cha Manibe kichwa kilianza kuniuma. Yalikuwa maumivu ya kufinya, kutoka pande mbili za paji. Bahati akasema tumbo linamzunguka, akatapika juu ya gauni langu. Shangazi naye aliegemeza kichwa kwenye kioo, macho ameyafumba, akawa anajipangusa jasho, na baba mdogo alikuwa akijigonga paji kwa kiganja. Kisha shangazi akamtazama Neema mapajani mwake, akamtikisa. Neema hakuamka. Akamtikisa tena, akamvuta sikio, akampuliza usoni. Mkono wa Neema ulianguka pembeni kama kitambaa.

"Simamisha gari," shangazi akamwambia ndugu yake. "Huyu mutu hapana taka kwenda. Na mutoto yake nataka kwenda naye."

Baba mdogo alisimamisha. Tulikuwa kwenye kituo kidogo cha biashara, vibanda vichache na kichuguu kikubwa nyuma yake. Tulishushwa. Miguu yangu haikunitii, nikakaa chini palepale kwenye majani. Nakumbuka baba mdogo akisema jambo kuhusu bomba la moshi, na shangazi akimjibu kwamba bomba haliui watoto. Kisha shangazi akawauliza wale wa nyuma, mmoja mmoja, kama kuna anayeumwa kichwa. Hakuna. Kama kuna aliyetapika. Hakuna. Mzee mtani alikuwa akitafuna karanga. Shangazi akawatazama wote, halafu akatutazama sisi tuliotoka mbele, na kila mtu pale akaona alichokiona yeye. Waliokuwa wamekaa bega kwa bega na marehemu walikuwa wazima. Walioshikwa walikuwa watoto wake wa damu, na wifi yake, na shemeji yake. Kama ni gari, lingechagua hivyo vipi? Gari halijui mtoto wa nani ni nani. Mama alikuwa na jambo, na jambo lake lilikuwa na watu wa mbele.

Huko kwetu jambo kama hilo halistaajabiwi sana. Marehemu mwenye neno moyoni hulikwamisha gari linalompeleka, na dawa yake inajulikana: aliyegombana naye aseme, aombe msamaha, atoe ahadi, ili safari iendelee. Shangazi alisimama kwenye kichwa cha jeneza akasema, bila kufoka, "Nani iko na neno na huyu mama? Aseme sasa. Mutoto hii nakwenda."

Mmoja wa wanawake alimchukua Neema akamweka begani, akawa anatembea naye barabarani, huku na huku. Baba mdogo alikuwa ameondoka kidogo, akarudi na mwanamume aliyevaa ovaroli iliyokatwa mikono. Mtu yule hakutusalimu. Alikaa nyuma ya gari, akamwambia baba mdogo awashe injini, kisha akachukua tambara akaliziba bomba la moshi kwa kiganja. Nilimtazama na moyo ukanipasuka, kwa sababu usiku uliotangulia nilikuwa nimewaona wanawake wakimziba mama pua kwa pamba. Nikadhani naye anamziba mama, ili asilalamike zaidi. Tambara lilipokazwa, sauti ya chini ya gari ilizidi, ikawa kama mluzi, kama mtu anayelia na amefungwa mdomo.

Hapo nikasimama. Nilikwenda mpaka kwenye jeneza, na kwa kuwa nilikuwa mfupi nilishika tu ubao wa pembeni ya pikapu. Baba mdogo akazima injini. Nikasema mbele ya watu wote kwamba mwenye neno ni mimi. Kwamba mama aliniambia nibaki, nami nikaenda shule. Nilisikia wanawake wakivuta pumzi. Shangazi hakunigombeza. Aliweka mkono mgongoni mwangu akasema, "Mwambie yeye. Si sisi."

Nikamwambia. "Mama, usimchukue Neema. Mwache. Sasa nitabaki. Sitarudi shule tena. Nitabaki nao mpaka wakue."

Sijui nilisimama pale muda gani. Nilisema maneno hayohayo tena na tena, paji langu kwenye ubao, nikisikia harufu ya rangi mbichi ya jeneza. Chini ya gari kulikuwa na kugongagonga na kukwaruza, na miguu ya yule mtu ilikuwa imetokeza nje. Aliwahi kutoka, akaenda kwenye kichuguu na jembe, akarudi na udongo kwenye bati. Nilifikiri ni udongo wa kaburi, kwamba wameamua kumzika mama palepale njiani kwa sababu amekataa kufika. Nikaongeza sauti. Niliahidi mengine ambayo sikuyajua maana yake, kwamba sitaolewa kabla yao, kwamba nitakula wakishashiba.

Ndipo Neema akalia.

Alilia kwa sauti nene, ya hasira, sauti ya mtoto aliyeamshwa na njaa. Wanawake wakapiga vigelegele, katikati ya msiba. Shangazi akakaa chini akafunika uso kwa kanga. Na baba mdogo alipowasha injini tena, kikohozi hakikuwapo. Gari lilinguruma chini chini, laini. Moshi ukatoka nyuma, kwenye njia yake, na harufu ile ya udongo ukiiva ikapanda kutoka chini ikatuzunguka sote. Shangazi akaniinamia sikioni. "Umesikia? Amekubali."

Tulifika Koboko madirisha yakiwa wazi, kwa sababu ya matapishi ya Bahati. Hakuna aliyeumwa kichwa tena. Tulimzika mama kando ya baba jua likiwa bado juu.

Sikurudi shule. Ndugu walipokaa kugawana watoto, mmoja akasema atamchukua Bahati na mwingine akasema Neema, lakini shangazi aliwakumbusha kwamba kuna ahadi na kila mtu aliisikia. Wakanyamaza, na nadhani wengine walipumua. Tukarudi Oli, watatu, kwenye chumba kilekile. Nilichukua nafasi ya mama sokoni, kwenye samaki wakavu, nikiwa na mwili wa mtoto kiasi kwamba wateja waliniuliza mwenye meza yuko wapi. Sitasema ilikuwa rahisi. Lakini nataka nieleweke: sikuwa mtoto mwenye huzuni wakati wote. Nilikuwa na kitu ambacho yatima wengi hawana. Nilimkosea mama, nikamwomba msamaha, na akanijibu. Kuna watu wazima, watu wa kanisani, wanaokesha wakiomba jibu dogo kuliko lile. Siku za njaa, siku wenzangu walipopita mbele ya meza yangu na sare za sekondari, nilijiambia kwamba mimi na mama hatudaiani. Juu ya hilo niliwalea wale wawili.

Sasa nauza chai, mihogo na maharage kando ya ukuta wa gereji, palepale Oli. Juzi mfanyabiashara mmoja wa Sudan Kusini alileta pikapu kuukuu, pamoja na mke wake na malalamiko. Alisema kila wakisafiri mke anaumwa kichwa na kutapika, naye haumwi sana kwa kuwa huweka kichwa dirishani, na ameshaanza kumshuku, kwa sababu ugonjwa humpata zaidi wanapokwenda kwa mama mkwe. Mafundi walicheka mpaka wakashika magoti. Yule mwanamke alikuwa amekaa kwenye benchi langu, hakucheka.

Fundi mkuu wa pale, kijana mwenye subira ambaye hunywa chai yangu bila sukari, alisubiri injini ipoe kwanza. Alisema bomba likiwa baridi ndipo tundu husema ukweli, likipata moto chuma hutanuka na kujificha. Akawasha. Ta-ta-ta. Nilikuwa nikimimina chai. Alichukua mpira wa maji, akaweka ncha moja sikioni, na nyingine akaipitisha chini kando ya bomba, hatua kwa hatua, mpaka uso wake ukabadilika. Halafu akamwita mwenzake azibe bomba nyuma kwa tambara. Moshi ukikosa njia, alimweleza mwenye gari, hutafuta tundu, nawe unalisikia. Sauti ikageuka mluzi. Akapaka maji ya sabuni kwenye maungio, povu likachemka mahali pamoja, na kando ya mahali hapo kulikuwa na alama nyeusi ya masizi kama kidole cha mtu. Kisha akafunua zulia mbele ya kiti, akaonyesha tundu la kutu.

"Mke yako hana ubaya, muzee," akasema. "Gari ndiyo iko na ubaya. Moshi naingia hapa, nyinyi munafunga dirisha, munavuta."

Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi, na kulehemu kusingewezekana. Akaponda udongo wa kichuguu, akaukanda, akaupaka juu ya ufa, akazungusha bati lililokatwa kwenye kopo la mafuta, akakaza kwa waya. Alisema itawafikisha tu, wakifika wakalehemu. Injini ilipowashwa udongo ukaanza kuiva, na ndipo nilipoiweka sufuria chini.

Nilimsogelea nikamwuliza kama moshi ule unaweza kumlaza mtoto asiamke. Alisema mtoto hulala kabla ya mtu mzima. Nikauliza, na walio nyuma ya gari, mahali pa wazi? "Nyuma iko upepo. Hawapati kitu." Nikauliza, na huyo mtoto akitolewa nje akazungushwa kwenye hewa? Fundi akapangusa mikono akanitazama. "Atalia, Mama Chai. Akikaa nje kidogo atalia. Mungekwenda mbele kidogo tu, basi." Hakuniuliza gari gani. Aliniambia maharage yangu yanaungua, na kweli yalikuwa yanaungua.

Tangu juzi nimejaribu kuwa na hasira na shangazi na sijaiweza. Amekwishakufa, na kama angemsikiliza baba mdogo, kwamba ni bomba tu, tungeendelea na madirisha yamefungwa, na Neema angezikwa na mama yake. Kosa lake ndilo lililotutoa nje. Baba mdogo naye hakunificha kitu. Alilipeleka gari kwa fundi mbele ya macho yangu, na labda alidhani nilielewa. Shule pia, nimeshaizika siku nyingi. Neema yuko mwaka wa mwisho wa uuguzi, Bahati anafundisha shule ya msingi Koboko. Ningeahidi tena yaleyale, bila gari kukohoa.

Kinachonitesa ni kimoja. Kama mama hakukataa, basi hakukubali pia. Nilikuwa nasema na ubao. Miaka yote hii nimeishi kama mtu aliyesamehewa, na sasa nimerudishwa mlangoni, na mfuko wa shule begani, na nyuma yangu mtu anasema polepole nibaki.

Jana nilimpigia Bahati simu. Ukimwacha Neema aliyekuwa ananyonya, yeye ndiye pekee aliyekuwa na mama chumbani asubuhi ile baada ya mimi kutoka. Nilimkuta shuleni, watoto wakipiga kelele nyuma yake. Nilimwuliza, nilipokwisha kwenda, mama alisema nini.

"Siku gani, Dada?"

"Siku ile."

"Nakumbuka uji," akasema. "Ulikuwa moto, nikaungua ulimi."

"Mama hakusema kitu? Hakuniita?"

"Dada, nilikuwa na miaka sita." Kisha, kwa sauti nyingine, sauti aliyokuwa nayo alipokuwa mdogo, "Unataka niseme alisema nini?"

Ningeweza kumwambia. Angelisema, na angelisema vizuri, kwa sababu ananipenda. Nilisikia kengele ikipigwa kule kwake, watoto wakikimbia, viatu vingi kwenye saruji. Akasema wanamngoja lakini wanaweza kungoja.

"Hapana," nikamwambia. "Nenda darasani."